Ufito wa Mikono Miwili: Kutupa Mshipi Mbali Bila Kuumiza Bega

Somo letu la leo lilianza kwa picha. Katika chumba chetu cha kisomo kuna kalenda ya zamani ukutani. Miezi yake imekwisha siku nyingi, lakini hatujaitoa kwa sababu picha yake ni nzuri. Inaonyesha mtu amesimama mtoni, maji yamemfika mapajani. Ameshika ufito mrefu sana kwa mikono yote miwili. Mbele yake mshipi umenyooka hewani kama uzi wa buibui.

Jioni moja mzee mmoja, mvuvi wa ziwani tangu ujana wake, aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, huyu anavua au anachimba mtaro? Mshipi hutupwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ni wa kushikia kiko."

Darasa zima lilicheka. Lakini swali lake lilikuwa swali la kweli, nami sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda nikasome. Haya ndiyo niliyoyapata.

MTO WENYE MITI MGONGONI

Uvuvi wa namna hii umekua katika nchi ya Scotland, kaskazini mwa Uingereza. Huko kuna mto unaoitwa Spey. Urefu wake ni kama kilomita 172. Unateremka kutoka milimani mpaka baharini, na maji yake ni ya baridi, yanakwenda kasi. Katika mto huo huja samaki anayeitwa salmoni.

Maisha ya salmoni ni ya ajabu. Huzaliwa mtoni. Akiwa bado mdogo huteremka mpaka baharini, na huko ndiko anakokula na kunenepa. Akikomaa hurudi mtoni kutaga mayai, na mara nyingi hurudi katika mto ule ule aliozaliwa. Tena akishaingia mtoni haendelei kula. Huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini.

Mzee alidakia hapo hapo. "Kama hali, chambo ni cha nini?"

Hapa ndipo penye kazi. Mvuvi hatumii mnyoo wala dagaa. Hutumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi za rangi. Wao huiita nzi, ingawa mara nyingi haifanani na nzi yeyote unayemjua. Salmoni huing'ata hivyo hivyo bila njaa. Wengine husema ni hasira, wengine husema ni mazoea aliyotoka nayo baharini. Wanabishana mpaka leo.

Kwa kuwa samaki hana njaa, hamfuati mvuvi. Mvuvi lazima ampelekee nzi mbele ya pua. Basi husimama mtoni na kutupa mshipi kwa mshazari, kuelekea ng'ambo na chini ya mto. Maji huuchukua mshipi na kuupitisha polepole mpaka upande wake. Hapati kitu. Husogea hatua moja au mbili kuteremka mto, hutupa tena. Hivyo hivyo tangu asubuhi mpaka jioni.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mvuvi anatupa mara moja kila dakika, kwa saa 6. Hiyo ni mara 360. Na akitumia ufito mfupi wa mkono mmoja, kwa kawaida mshipi hauendi mbali kwa kutupa mara moja. Huurusha nyuma na mbele, nyuma na mbele, akiutoa kidogo kidogo. Tuseme anaurusha hivyo mara 3 kila anapotupa. Basi mkono ule ule mmoja umekwenda nyuma na mbele mara 1,080 kwa siku moja. Mama uliyewahi kutwanga peke yako mahindi ya msiba, wewe unalijua bega linavyosema usiku.

Tena iko shida ya pili. Katika sehemu nyingi za Mto Spey, nyuma ya mvuvi pana miti au ukingo mrefu. Ukirusha mshipi nyuma, ndoana inashika tawi. Utashinda siku nzima ukivua majani.

MSHIPI NDIO JIWE

Kabla ya kufika kwenye ufito, tuelewe mshipi wenyewe. Sisi tukitaka kutupa mshipi mbali tunafunga jiwe au risasi mwishoni. Jiwe linaruka, mshipi unalifuata. Lakini nzi ya manyoya ni nyepesi mno. Jaribu kutupa unyoya wa kuku. Hata uwe na nguvu za fahali, utaanguka miguuni pako.

Kwa hiyo wamegeuza mambo. Uzito wameuweka katika mshipi. Mshipi wao ni mnene, umevishwa ngozi laini ya plastiki. Sehemu yake nzito, kwa ufito wa mikono miwili, huwa na uzito wa kama gramu 30 mpaka 45. Mbele yake hufungwa uzi mwembamba usioonekana majini, na mwisho wa uzi ndipo penye nzi. Mshipi ndio unaoruka, na nzi hufuata.

Wale mnaolima kwa ng'ombe mtaelewa upesi. Unapopiga mjeledi hewani huurushi kama jiwe. Unaanza mkononi, mkunjo unakimbia ndani ya kamba, mpaka ncha inafika na kulia "pwaa!" Mshipi huu huruka vivyo hivyo. Unajikunja, mkunjo unakimbia mbele, mwisho unafunguka na nzi inatua kimya. Tofauti ni kwamba mvuvi hataki mlio. Akisikia mlio huo nyuma yake, pengine amekwisha ikata nzi.

KWA NINI MIKONO MIWILI

Sasa tuuangalie ufito. Ufito wa mkono mmoja una urefu wa kama mita 2.7 mpaka 3. Ule wa mikono miwili mara nyingi una mita 3.7 mpaka 4.6. Urefu huo unafanya nini?

Shika fimbo, uizungushe robo ya duara, kama mkono wa saa unaotoka 9 kwenda 12. Ncha ya ufito wa mita 3 itasafiri kama mita 4.7. Ncha ya ufito wa mita 4.5 itasafiri kama mita 7.1. Muda ni ule ule, lakini ncha ndefu imekwenda mbali zaidi. Yaani imekwenda kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayoupa mshipi mwendo. Tena ufito mrefu huinua mshipi mrefu kutoka majini kwa mara moja. Hakuna haja ya kuurusha nyuma na mbele mara tatu.

Lakini kila jambo lina bei yake. Kitu kirefu ni kigumu kugeuza. Shika jembe mwisho kabisa wa mpini, kwa mkono mmoja, ujaribu kuliinua. Kifundo cha mkono kitalia. Sasa ongeza mkono wa pili, uuweke mbali kidogo na wa kwanza. Jembe limekuwa jepesi. Uzito wake haujapungua hata kidogo. Ila mkono mmoja sasa unasukuma na mwingine unavuta, na kifundo cha mkono kimepumzika. Mwenye kupiga kasia anafanya jambo hilo kila siku bila kulipa jina.

Hiyo ndiyo siri ya ufito wa mikono miwili. Mpini wake una mahali pawili pa kushika. Mkono wa juu ni kama tegemeo, unaongoza njia. Mkono wa chini ndio unaovuta kuelekea tumboni, na kazi kubwa ni yake. Watu wengi wanaojifunza hufanya kinyume. Husukuma kwa mkono wa juu kwa nguvu zao zote. Ufito huinama vibaya, ncha huangukia majini, mshipi hurundikana mbele kama matumbo ya mbuzi.

Ndiyo maana kijana mwenye nguvu anaweza kuchelewa kuujua ufito huu kuliko mama mwenye umri. Kijana anategemea nguvu, na hapa nguvu nyingi zinaharibu. Aliyefundishwa vizuri hupeleka nzi mita 25 au 30 bila kutoa jasho.

Ukitaka kuhakikisha, huna haja ya kwenda Scotland. Tafuta mwanzi mwembamba wa mita 3 na mwingine wa mita 1 na nusu. Funga kamba ya katani ya mita 4 kwenye ncha ya kila mmoja. Mwisho wa kamba funga kitambaa chekundu. USIFUNGE NDOANA. Nenda uwanjani, mbali na watoto na mbali na nyaya za umeme. Rusha kamba kwa mwanzi mfupi, kisha kwa mrefu kwa mkono mmoja, kisha kwa mrefu kwa mikono miwili. Fanya mara 20 kila namna. Bega lako litakupa jibu kabla ya mwalimu.

HERUFI D

Sasa tuje kwenye ile miti ya nyuma. Wavuvi wa Spey waliitatua shida hiyo kwa akili nzuri. Hawarushi mshipi wote nyuma. Wanauchora herufi D hewani.

Simama ukiutazama mto, mshipi umenyooka mbele yako juu ya maji. Shusha ncha ya ufito mpaka karibu na maji. Sasa inua polepole. Usikurupuke, kwa maana maji yanaushika mshipi na lazima yauachie taratibu. Ukiisha inua, zungusha ufito kwa upande, kuelekea nyuma, ncha ikipanda kidogo kidogo. Mshipi utatoka majini na kukufuata. Kipande chake cha mwisho kitagusa maji kando yako, mbele kidogo, mbali nawe kama urefu wa ufito. Kipande hicho tukiite nanga.

Angalia sasa umbo lake. Ufito umesimama wima. Mshipi umetoka kwenye ncha, umefanya tumbo nyuma yako, umerudi mpaka kwenye nanga. Ufito ni ule mstari ulionyooka wa herufi D. Mshipi ni lile tumbo. Ni D ile ile uliyoandika darasani ukitoka jasho.

Tumbo hilo linahitaji nafasi ndogo tu nyuma. Nanga inazuia mshipi usikimbie, na uzito wa tumbo unaupinda ufito. Hapo vuta mkono wa chini kuelekea tumboni, mkono wa juu uongoze mbele, kisha SIMAMISHA ufito ghafula, ncha ikiwa bado juu. Usiufuate mshipi mpaka chini. Ufito uliopindwa unanyooka, na mshipi unakwenda.

Nanga ikizama sana, maji yanashika na mshipi hautoki. Nanga isipogusa kabisa, mshipi unapita nyuma yako na ndoana inakwenda kwenye miti, au sikioni mwako. Ndiyo maana jambo hili hufundishwa juu ya maji. Kwenye majani makavu nanga haishiki vizuri.

Kutupa kwa namna hiyo kumeitwa jina la mto wenyewe, Spey. Zipo namna nyingi, lakini zote ni za kuiweka nanga mahali pake na kuichora D.

MTI, MWANZI, KABONI

Zamani fito hizi zilikuwa mizigo. Katika karne ya 19 zilichongwa kwa mti mgumu unaoitwa grinihati, kutoka Guyana, Amerika ya Kusini. Nyingine zilikuwa na mita 5 na zaidi, na uzito uliopita kilo moja. Mwishoni mwa karne hiyo alikuwapo mtu wa mji wa Inverness, Alexander Grant. Alikuwa fundi wa fidla. Aliusikiliza mti wa kuvulia kama alivyousikiliza ule wa fidla, jinsi unavyotetemeka toka shina mpaka ncha. Akatengeneza ufito uliopata sifa kubwa kwa kutupa mbali. Mimi fundi wa namna hiyo ananipendeza, anayechukua ujuzi wa kazi moja na kuutia katika nyingine.

Baadaye ukaja mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa, kisha nyuzi za kioo. Katika miaka ya 1970 zikaja nyuzi za kaboni. Leo ufito wa kaboni wa mita 4 na kitu una uzito wa kama robo kilo.

Tena msidhani ni kazi ya wanaume tu. Mwaka 1924, katika Mto Deveron ulio mashariki ya Spey, mwanamke aliyeitwa Bibi Morison alivua kwa nzi salmoni wa ratili 61. Hiyo ni zaidi ya kilo 27. Mzee aliposikia hivyo alikiweka kiko chini.

HATARI

Ndoana inapita karibu na kichwa chako mara 360 kwa siku. Vaa kofia na miwani. Kisha angalia upepo kabla ya kila kitu. Kanuni ni hii: D na nanga vikae upande ule ambao upepo unaelekea. Upepo ukivuma kupanda mto, fanya D yako upande wa juu wa mto. Ukivuma kuteremka mto, fanya D upande wa chini. Hapo upepo unaupeleka mshipi mbali nawe. Ukikosea, upepo unakuletea ndoana usoni.

Maji yenye kasi ni adui mwingine. Maji yakifika kiunoni yanaanza kukubeba. Wenye busara hushika mkongojo na kupapasa chini kabla ya kuhamisha mguu. Kutupa mbali kunasaidia hapa pia, kwa kuwa humlazimishi mtu kuingia kwenye kina.

Hatari ya tatu inaua mara moja. Kaboni inapitisha umeme. Mtu anayebeba ufito wa mita 4 na nusu, akiusimamisha chini ya nyaya, amejiua. Wala si lazima aguse waya, kwa sababu umeme mkubwa huweza kuruka. Huko Uingereza wavuvi huambiwa wasivue ndani ya mita 30 toka kwenye nyaya za juu. Ndugu zangu, nyaya zimefika vijijini kwetu sasa. Mwanzi mbichi au uliolowa nao hupitisha umeme. Bomba la chuma na ngazi ya bati ni hivyo hivyo. Wakati wa kuangua maembe tazama juu kwanza.

"ANALIPA, HALAFU ANAMWACHIA?"

Siku niliyolisoma somo hili darasani, mzee alikuwa na swali la mwisho. "Kwa nini wasitege nyavu wakamaliza?"

Nikamweleza kwamba salmoni wa porini wamepungua sana. Mwaka 2023 wavuvi wa fito katika Scotland nzima waliripoti samaki 32,477, idadi ndogo kuliko zote tangu takwimu zilipoanza kuwekwa mwaka 1952. Tangu mwaka 2016 hairuhusiwi kumweka salmoni wa porini aliyevuliwa pwani ya bahari. Mtoni, kila salmoni aliyevuliwa kabla ya Aprili 1 lazima arudishwe akiwa hai. Hata baada ya tarehe hiyo walio wengi huachiwa. Mvuvi humshika samaki ndani ya maji, humtoa ndoana, humngoja apate pumzi, humwacha aende zake akatage. Na mtu huyo amelipa fedha ili avue siku hiyo.

"Analipa, halafu anamwachia?" mzee aliuliza. Darasa lilicheka tena, nami nikacheka. Lakini baadaye alinyamaza, akasema, "Sisi wa ziwani tunajua samaki kupungua ni nini." Hakuongeza neno.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza kama ufito huu ungefaa kwetu. Jibu langu ni kwamba si kila mto unautaka. Mwaka 1905 samaki wa trauti waliletwa Kenya kutoka Scotland, wakawekwa katika Mto Gura wa milima ya Aberdare, na wengine wapo huko mpaka leo. Lakini mito ile ya milimani ni myembamba, vichaka vimesongamana. Ufito mfupi wa mkono mmoja unatosha kabisa. Mrefu ungekuwa usumbufu, kama kuingia jikoni na upondo wa mtumbwi. Ufito wa mikono miwili ni wa mto mpana, au ufukwe wenye upepo, mahali ambapo samaki yuko mbali nawe huwezi kumfuata.

MASWALI

1. Kwa nini nzi ya manyoya haiwezi kutupwa kama jiwe? Uzito uko wapi?

2. Mkono upi unafanya kazi kubwa, wa juu au wa chini? Eleza kwa mfano wa jembe.

3. Chora herufi D. Andika "ufito", "mshipi" na "nanga" mahali panapostahili.

4. Mto unateremka kwenda kushoto kwako. Upepo unavuma kutoka kulia kwenda kushoto. D utaifanya upande gani?

5. Mvuvi anatupa mara moja kila dakika 2, kwa saa 5. Ametupa mara ngapi? Kama kila mara angerusha nyuma na mbele mara 3, mkono wake ungekwenda mara ngapi?